Naomba ushauri, siasa zinanigombanisha na baba mkwe

Wakuu habari za jioni, niko Mwanza hapa Kirumba. Baba mkwe yuko ng'ambo Sengerema, zamani kwenda kwake lazima usubiri kivuko pale Kigongo kwahiyo kisingizio nilikuwa nacho, sasa toka daraja lifunguliwe 2025 ni kama kilomita 3 tu umeshavuka, kila jumapili naitwa. Shida mzee akishapiga bia mbili na sato wa kuchoma anaanzisha siasa, kwake serikali haikosei hata siku moja, mimi nikagusia kodi (hiyo bia yenyewe imejaa kodi na mnunuzi ni mimi!) akawaka, eti nisikanyage kwake na mdomo huo. Waifu kanuna wiki sasa. Niende kuomba radhi na kreti au nikaushe kwanza?