Mkate wa nyama wa Kizungu umenivunjikia, nisaidieni kabla ya Ijumaa

Ummu_Langoni
Asalaam aleikum. Ijumaa usiku kakangu anakuja kula kwangu na mkewe, huyu wifi yangu ni Mmarekani na tangu waje Lamu amekula kila kitu chetu bila kulalamika hata siku moja, sasa juzi tumekaa barazani akaanza kusimulia mitlofu ya bibi yake, yaani kima inafinyangwa kama mkate, inaokwa nzima halafu inakatwa slesi, nikaona machozi yanamlenga. Nataka nimpikie wallahi. Jumapili nilijaribu nusu kilo, kitunguu kibichi, yai moja, chumvi, nikapalia makaa. Juu ikakauka, chini inaelea maji, kutia kisu tu ikamwagika kama kima ya sambusa. Oveni sina. Nimekosea wapi?

bakari_m
Mkate wa nyama si ule wa unga wenye kima ndani? Mbona huo rahisi dada

Ummu_Langoni
Si huo kaka, huu hauna unga kabisa.

MamaSalha_Malindi
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nimewapikia Wazungu hapa Malindi miaka mingi, na hicho chakula nakijua. Umesahau mkate! Kwa kilo moja chukua slesi nne, toa maganda, zivuruge kwenye maziwa nusu kikombe mpaka ziwe kama uji mzito, ndio uchanganye na kima, mayai mawili, thomu, pilipili manga na chumvi kijiko cha chai na nusu. Ule mkate ndio unaoshika maji ya nyama yasitoke, na yai ndio linashikanisha. Kitunguu kikaange kwanza kilainike kisha kipoe, kibichi kinatoa maji ndani ndio maana ukaona inaelea. Na usiikande kama unga wa chapati, changanya kwa vidole mpaka ishikane tu bas, ukiikanda sana inakuwa ngumu kama mpira.

Kima nayo usichukue nyama tupu. Kule kwao wengine huchanganya ng'ombe, ndama na nguruwe, sisi ni ng'ombe mtupu, kwa hivyo mwambie wa bucha akusagie na mafuta kidogo, sehemu nne nyama moja mafuta.

jiko_la_shela
Hayo ya Mama Salha ni sawa kabisa, mimi naongezea moto. Fanya kama mkate wa mayai, makaa mengi juu ya kifuniko, chini machache sana, na sufuria ya nyama iwe ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga. Kilo moja itachukua kama saa nzima. Kama kuna mtu ana kipimajoto muazime, katikati ifike digrii 71 za Selsiasi, kama hakuna choma kisu katikati, maji yakitoka meupe bila wekundu ni dalili imeiva, ingawa si hakika kama kipimajoto. Ikitoka USIKATE, iache dakika 10 mpaka 15, ukikata ya moto lazima ivunjike.

binti_faza
Weka mayai ya kuchemsha katikati kama egichopu, ukikata inapendeza sana

MamaSalha_Malindi
Inapendeza kweli lakini mara ya kwanza asijaribu, yai linateleza slesi inaachana. Wifi anataka ya bibi yake. Juu ipakwe tomato sosi na sukari na siki kidogo, lakini dakika 15 za mwisho, sukari inaungua haraka.

Ummu_Langoni
Nimerudia leo nusu kilo, vipimo nimegawa kwa mbili. Kipande cha kwanza kimekatika ncha, cha pili kimesimama chenyewe kwenye sahani, ndani kinang'aa, hakuna maji! Mamangu amekula viwili, anasema ingetiwa bizari. Siki imeniishia nikatumia ukwaju. Mama Salha, Ijumaa niutumie ukwaju huo huo au nitafute siki?

MamaSalha_Malindi
Tafuta siki mwanangu. Ukwaju mwekee mamako pembeni.