Maji ya ndimu na nanasi yamelala, yakaamka machungu. Harusi Ijumaa ijayo, naomba ushauri

BintiUtaani (Wete)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nipo Wete, na joto hili la kaskazi mnalijua. Ijumaa ijayo tunamwoza mdogo wangu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa vinywaji vya upande wa wanawake. Tumekubaliana nyumbani kuwa soda hatununui. Tutatengeneza wenyewe maji ya ndimu yenye matunda, tuyapoze, mtu akitoka juani na buibui lake akinywa asikie roho imerudi. Wageni 80, na huenda wakazidi.

Wiki iliyopita nilifanya ndoo moja ya kujaribia kwa watoto wa chuoni, yaani wa madrasa. Ndimu 30 niliziosha, nikazikata vipande vinne vinne, nikazitia kwenye blenda na maganda yake na mbegu zake, kwa sababu nilimwona mtu kwenye simu akifanya hivyo na kusema ndiko kunakotoka harufu. Nikachuja, nikatia nanasi mbili nilizozisaga, sukari na maji. Saa tatu usiku nilionja mwenyewe: tamu, yananukia mpaka uani. Friji yetu ndogo, haichukui ndoo, basi nikaifunika na kuiacha jikoni.

Asubuhi nafunua, juu pana povu jeupe, chini mashapo yamekaa. Kuonja, uchungu kama mwarobaini, ule unaobaki nyuma ya ulimi hata ukishameza. Nikaongeza sukari nusu kilo, uchungu uko pale pale. Watoto walipiga funda moja moja wakarudisha vikombe. Roho iliniuma, maana sukari na ndimu zile ni pesa, na watoto walikuwa wameahidiwa.

Naomba mnieleze: ule uchungu umetoka wapi ikiwa usiku haukuwepo? Na lile povu? Ya watu 80 nitengeneze siku gani? Sufuria kubwa tuliyonayo ni ya aluminiamu, yafaa kuchanganyia? Na umeme ukikatika siku yenyewe nifanye nini?

Mpishi wa Malindi (Unguja)

Waaleikum salaam dada, na hongereni kwa harusi. Nimepika shughuli nyingi na uchungu huo naujua vizuri, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu.

Ndimu ina sehemu tatu. Ganda la kijani la juu kabisa ndilo lenye mafuta ya harufu. Maji ya ndani ndiyo yenye ukali. Baina yao pana ile nyama nyeupe, na ndani mna mbegu. Hizo ndizo zilizokuharibia. Zina kitu ambacho mwanzo hukisikii ulimini, lakini ukishazisaga kikakutana na ukali wa ndimu, kinageuka taratibu kuwa uchungu. Wataalamu wanakiita limonini. Kinachukua saa kadhaa, ndiyo maana saa tatu usiku ulionja tamu na asubuhi ukakuta mambo mengine. Aliyekuonyesha kwenye simu huenda aliyanywa pale pale, asijue ya asubuhi. Na kuongeza sukari hakusaidii, unapata kitu kitamu na kichungu kwa pamoja.

Kwa hivyo ndimu ikamue kwa mkono. Usiisage hata siku moja kama kinywaji kitalala. Iviringishe kwanza mezani chini ya kiganja, uilemee mpaka uisikie imelegea, kisha ikate kwa upana na uikamue juu ya chujio ili mbegu zibaki. Usiifinye mpaka tone la mwisho, maana mwisho ule ndio unaotoa uchungu wa ganda.

Harufu uliyoitaka unaipata kwa njia nyingine. Chukua ndimu 10 kabla hujazikata, paruza ule ukijani wa juu tu kwenye tundu ndogo za kiparuzio, ukiona weupe simama. Changanya na sukari, fikicha kwa vidole, acha saa moja. Sukari inakuwa na unyevu na jiko zima linanukia. Sukari hiyo ndiyo unayoipikia shira, kisha unaichuja.

Povu ni kuchacha. Nanasi iliyosagwa na sukari, usiku kucha kwenye joto letu, haiachi kuchacha. Sufuria ya aluminiamu pikia shira peke yake. Ndimu ikikaa humo inaila sufuria na kinywaji kinapata ladha ya chuma. Changanyia kwenye ndoo safi za plastiki za chakula au sufuria za stili.

Mwana wa Konde

Niongeze neno kwenye hilo la povu. Kikishaanza kutoa povu na kuuma ulimi kinaelekea kuwa ulevi. Mwaga, usimpe mtu, sembuse watoto wa chuoni. Najua hukujua dada, nasema kwa wanaosoma.

BintiUtaani (Wete)

Ahsanteni sana. Nilimwaga yote siku ile ile, nashukuru walionja funda tu. Kaka mpishi, hesabu ya watu 80 ikoje?

Muuguzi Kisiwani

Kabla ya hesabu, dada, naomba unisikilize kwa mambo mawili ninayoyaona kazini kila mwaka.

La kwanza ni maji na barafu. Watu wanadhani ndimu inaua vijidudu, kwa hivyo wanachota maji ya bomba au ya kisima wanakoroga moja kwa moja. Usiitegemee. Maji chemsha mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja au zaidi, yafunike, yapoe yenyewe. Barafu nayo igandishe kwa maji hayo hayo. Nimeona nyumba iliyochemsha maji ya juisi kwa uangalifu, halafu ikatumwa barafu ya madonge isiyojulikana imetoka wapi, watu wakaharisha siku tatu. Kwetu visiwani tumeshapita kwenye kipindupindu mara nyingi, tusilifanyie wepesi jambo hili.

La pili ni mikono yako. Utakamua ndimu zaidi ya 100. Maji ya ganda la ndimu yakikaa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua kama imemwagikiwa maji ya moto. Siku ya pili ngozi inakuwa nyekundu, inatoa malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa. Nilimpokea msichana mmoja aliyekamua ndimu uani asubuhi nzima akiwa na mikono wazi, na alikuwa amebakisha siku chache avae hina. Kamua usiku au ndani, vaa glavu, na ukimaliza nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla hujatoka nje. Wasaidizi wako waambie hivyo hivyo.

Na tenga jagi moja lisilo na sukari kwa wenye kisukari. Nanasi pia ina sukari yake, kwa hivyo hilo liwe la maji, ndimu kidogo na majani ya nanaa. Liandike, watu wasikisie.

Mpishi wa Malindi (Unguja)

Muuguzi amesema kweli tupu, hasa hiyo barafu.

Hesabu ni hii. Bilauri ya robo lita kwa watu 80 ni lita 20. Lakini kwa joto hili mtu hanywi moja akatosheka, fanya lita 30. Mimi nakwenda kwa kumi kumi. Kila lita 10 inataka lita 1 ya maji ya ndimu, kilo 1 ya sukari, nanasi 2 kubwa zilizosagwa na kuchujwa, na maji lita 7. Ndimu zetu zikiwa nzuri zinatoa kama kijiko kimoja na nusu cha chakula kila moja, basi lita moja ni ndimu 40 hadi 50. Wewe zidisha mara tatu: ndimu 120 hadi 150, sukari kilo 3, nanasi 6.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapokosea. Barafu ni maji. Ukiweka maji yote 21 halafu ukaongeza barafu, nusu saa baadaye unagawa maji yenye kumbukumbu ya ndimu. Tia maji 15, na lita 6 zilizobaki ziwe ndiyo barafu.

Sukari usiikoroge kwenye maji baridi, itakaa chini na bilauri za mwisho zitakuwa kama uji wa sukari. Pika shira: kilo 3 za sukari kwa lita 3 za maji (hizi zitoe kwenye yale 15), ikichemka na kung'aa ipua. Isiwe nzito kama ya kaimati. Ukipenda tia kipande cha tangawizi kilichopondwa na hiliki punje saba au nane wakati inachemka.

Friji yako haichukui ndoo, lakini chupa inachukua. Alkhamisi usiku kamua ndimu, chuja, tia kwenye chupa, weka ndani. Shira ikipoa, ndani. Nanasi isage, ichuje kwa kitambaa cha melimeli, ichemshe mara moja tu, ipoe, ndani. Vyote pamoja ni lita 11 au 12. Rafu mbili zinatosha. Ijumaa unachanganya kule kule shughulini, saa moja kabla ya wageni, ndoo moja kwanza. Ikikaribia kwisha ndiyo unachanganya ya pili. Hakuna kinacholala, hakuna kinachochacha.

Mpenda Embe

Mimi naona nanasi ni ya kawaida sana. Tia embe na maziwa kidogo, inakuwa nzito, wageni watasifu.

Mpishi wa Malindi (Unguja)

Maziwa na ndimu havikai pamoja, yatakatika mabonge mbele ya wageni. Embe peke yake inafaa ila inatuama chini, lazima mtu asimame na upawa akoroge kila akigawa. Akitaka kubadilisha nanasi, bora pasheni, na hapo apunguze ndimu robo kwa sababu pasheni ni kali yenyewe. Au tikiti, ambalo linatoa rangi nzuri na ni jepesi. Tikiti lakini lisagwe siku ile ile, halivumilii kulala na halitaki kuchemshwa.

Bibi wa Chake

Mwanangu, swali lako la umeme naona wamelisahau. Mimi nimeozesha mabinti wanne kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga haujatufikia mwaka 2010, wakati huo umeme wa Pemba ni wa majenereta na ukiondoka umeondoka. Tulipozea kwenye mtungi. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi unavuja jasho kidogo kidogo, na lile jasho likikauka na upepo ndilo linalopoza maji ya ndani. Uweke kivulini penye upepo, si chumba kilichofungwa, uukalishe juu ya mchanga uliorowa, mdomo ufunike kwa kitambaa chepesi. Tia maji yaliyochemshwa tangu usiku. Mtungi mpya uloweke siku mbili kwanza, la sivyo maji yatanuka udongo. Humo tia maji matupu, ndimu utatia ukishayachota.

Unguja nao waliujua mtungi upya umeme ulipowakatikia kisiwa kizima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kaskazi yote. Dada yangu wa Kikwajuni alikuwa akinitumia salamu kuwa mitungi imepanda bei.

Na barafu yako itie kwenye ndoo yenye kifuniko, uizungushie gunia na blanketi. Usiifungue kuichungulia.

BintiUtaani (Wete)

Shikamoo bibi. Mtungi tunao wa marehemu nyanya, umekaa stoo miaka. Kesho nautoa niusafishe.

Bibi wa Chake

Marahaba mwanangu. Ukague kama haujapasuka. Ujaze maji uuache usiku mmoja, asubuhi utizame chini yake. Jasho ni sawa, tone linalodondoka si sawa.

BintiUtaani (Wete)

Ndugu zangu, narudi na habari. Mtungi mzima, haudondoki. Jana nimeloweka.

Na sikutaka kusubiri Ijumaa bila kujaribu. Nilifanya majagi mawili madogo, ndimu sita kila moja, sukari sawa, maji sawa. La kwanza nimesaga na maganda na mbegu kama ile siku, la pili nimekamua kwa mkono na kupika shira yenye ule ukijani wa ganda. Yote mawili friji moja, usiku kucha. Asubuhi nikampa mama aonje macho amefumba, sikumwambia lipi ni lipi. La kwanza alilitema kwenye karai. La pili alimaliza bilauri, akauliza limebaki. Harufu ya la pili ndiyo iliyokuwa kali zaidi, na mimi nilidhani bila kusaga ganda harufu haipatikani.

Glavu nimenunua jozi tatu, mimi na wifi zangu wawili. Maji ya barafu tumeanza kuchemsha leo, tunagandisha kidogo kidogo kwa majirani watatu wenye friji. Ndimu 150 zinakuja Alkhamisi asubuhi, na tutakamua ndani baada ya isha. Muuguzi, jagi la wenye kisukari nimeshaliandikia karatasi.

Swali moja la mwisho kwa kaka mpishi: shira ikizidi naiweka muda gani?

Mpishi wa Malindi (Unguja)

Kwenye friji, chupa safi yenye kifuniko, wiki moja haina neno. Ukiizidisha moto kidogo iwe nzito unatilia kaimati za Jumamosi, na ule ukijani wa ndimu unakaa nazo vizuri sana.