Modemu ya DSL na ruta ya Unix: niweke bridji au niiache ilivyo?

Sangara_Nyegezi: Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ndogo nataka iwe ruta ya nyumbani. Laini ni ya waya wa simu. Modemu niigeuze bridji, yaani ipitishe data tu, au igawe intaneti yenyewe, ruta ikae nyuma yake? Jumamosi nataka niwe nimemaliza.

JiweLaBismarck: Mkuu, mfumo gani? Kadi za mtandao ngapi? Jina na paswedi ya PPPoE, ile ya kuingilia kwa kampuni ya intaneti, unavyo? Hapo tutapiga ramli tu.

Sangara_Nyegezi: Samahani mkuu. OpenBSD, kadi mbili. Paswedi sina, kwenye modemu zinaonekana nukta tu.

Fundi_Kirumba: Bridji. Modemu ishughulike na waya, ruta ndiyo ipige PPPoE na kushika IP ya nje. Ila kabla hujagusa kitu, nakili VPI na VCI, zile namba mbili za laini zilizo kwenye modemu, kwenye karatasi. Ruta unaandika faili la hostname.pppoe0, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 1492, maana PPPoE inakula baiti 8 kwenye zile 1500.

Dada_Igoma: Paswedi hana, bridji ataipigaje? Aiache. NAT mbili, yaani modemu na ruta zote kubadili anwani, hazimzuii mtu kuvinjari. Modemu ikiwa 192.168.1.1, ruta igawe anwani za 192.168.2, basi.

Fundi_Kirumba: Na akitaka kuingia kwake akiwa safarini? Poti, mlango wa kuingilia, atafungua mara mbili, kwenye modemu na kwenye ruta. Halafu asisahau max-mss 1452, kikomo cha data kwenye kila pakiti ya TCP, kwenye pf.conf, faili la firewall. Mimi niliisahau, kurasa nyingine zikafunguka, nyingine zikabaki zinazunguka tu. Wiki nzima nililaumu laini.

Mzee_Nyakato: Vijana, mmesahau radi. Mvua za mwezi wa nne nilichomoa umeme, waya wa simu nikauacha ukutani. Usiku ikapiga upande wa ziwa, dirisha likatetemeka. Asubuhi modemu haiwaki. Nikafungua ruta: kadi ya upande wa modemu ina doa jeusi, inanuka plastiki iliyoungua. Ilipita kwenye waya wa simu, ikaua modemu, ikafuata kebo hadi ruta. Kadi ya pili nzima kabisa. Siku hizi wingu likijikusanya tu, waya wa simu ndio wa kwanza kutoka.

Dada_Igoma: Pole sana mzee. Ndiyo maana nasema faiba, ile ya nyuzi za kioo. Kioo hakipitishi umeme.

JiweLaBismarck: Faiba huku Pasiansi tunaisikia kwa majirani. Nyegezi imefika?

Sangara_Nyegezi: Imeishia barabara kubwa. Shikamoo mzee, nimechomoa waya sasa hivi, huku kumeshaanza kunguruma. Paswedi nimepiga simu kuomba, wamesema nipige kesho.

Mzee_Nyakato: Marahaba. Chomoa na kebo ya kwenda kwenye ruta.