Acheni kupasua bunduki za maji za CPS 2000 zilizo nzima kwa ajili ya michoro yenu!

Wakuu, hili limezidi. Kila ukifungua humu jukwaani unakuta picha ya CPS 2000 imepasuliwa kwa msumeno, kibofu kimeng'olewa, halafu mwenye nayo anaomba ushauri kuhusu bunduki ya maji aliyoichora mwenyewe, ambayo atakifunga kibofu hicho. Mnaua kitu ambacho hakitengenezwi tena!

Tuelewane kwanza. Bunduki ya maji ya kuchezea ya mvumbuzi Lonnie Johnson iliingia sokoni mwaka 1990 kwa jina la Power Drencher, ndiyo baadaye ikaitwa Super Soaker. Ilisukuma maji kwa hewa iliyobanwa, na hewa ikishapata nafasi nguvu inashuka, mkondo unalegea. CPS 2000, Super Soaker ya 1996, iliondoa kasoro hiyo: pampu inajaza maji kwenye kibofu cha mpira mnene, mpira unatanuka, ukivuta kifyatulio unajikunja na kusukuma kwa nguvu ileile karibu mpaka maji yaishe.

Sasa mnachokichomoa humo ni mpira wenye zaidi ya miaka 20, na mara nyingi ulikaa stoo umejaa maji. Ufunge kwenye bomba jipya, upampu, uangalie: upande mmoja unavimba kuliko mwingine. Hapohapo ndipo utakapopasukia. Umepoteza kibofu, na bunduki nzima imekwenda nacho.

Anayetaka kubuni anunue mirija mipya ya mpira wa lateksi! Kata vipande vya sentimita 30, pitisha mwembamba ndani ya mnene, tabaka mbili au tatu, maji ya sabuni yasaidie kuteleza. Kila tabaka linaongeza shinikizo, lakini pampu nayo inazidi kuwa nzito, kwa hiyo msichore tabaka nane ambazo hakuna mkono utakaozisukuma. Mwisho mmoja weka kizibo kigumu, mwingine uvike kwenye bomba, klempu (vibano vya chuma) mbili kila upande. Wengi wanaharibia hapa: klempu inakazwa juu ya lateksi tupu, chuma kinaukata mpira, unachomoka siku ya kwanza. Zungushia kwanza kipande cha tyubu ya baiskeli. (Tyubu hiyo isiwe kibofu chenyewe. Ni mpira wa aina ya butili, inatanuka lakini inarudi kivivu.) Kisha ingiza vyote ndani ya paipu ya PVC yenye nafasi ya mpira kutanuka na tundu la kutolea hewa, ukuta wake uuzuie mpira usipitilize.

Nanyi mnaouza CPS 2000 zilizotumika, "inafanya kazi" maana yake nini kama hujaitia maji? Kusikia pampu ikipuliza si kipimo. Jaza tangi, pampu mpaka iwe ngumu, iache dakika tano. Ikilegea bila kufyatuliwa, vali inavuja au oringi (pete za mpira za kuzuia kuvuja) zimekauka. Oringi iliyokauka tu, bila ufa, paka grisi ya silikoni. Grisi ya gari na Vaseline hapana, mafuta ya petroli yanauozesha mpira. Na kabla ya kuifungasha itoe maji yote: vuta kifyatulio, pampu tangi likiwa tupu mpaka itoke hewa peke yake.

Ganda lililopasuka, mpini wa pampu uliokatika, hizo leteni zitolewe vipuri, hakuna atakayelalamika. Iliyo nzima yenye skrubu zake zote, msumeno ukae mbali nayo.