Bakari anahamia Dar (kikundi: Wajukuu wa Bi Mwanaidi)

Zuhura: Asalaam aleikum wote. Dalali wa Tabata anataka jibu leo kabla ya saa kumi. Vyumba vitatu, maji ndani, laki tatu na nusu kwa mwezi, kodi ya miezi sita mkononi. Bakari anaripoti kazini mwezi ujao na shule zinafunguliwa. Naomba maoni sasa hivi, sio kesho.

Zuhura: Tiki za bluu nimeziona. Mnasoma mnapita.

Hamisi: Tabata ipi dada? Tabata kubwa hiyo.

Zuhura: Kisiwani. Nyumba nzuri, nimeingia mpaka jikoni.

Asha: Dada, Kisiwani nyuma yake si ndio Msimbazi?

Zuhura: Mto uko mbali. Dalali kanionyesha.

Hamisi: Dalali huyo masika anakaa wapi?

Bakari: Shikamooni. Samahani nilikuwa kikaoni. Kazi yenyewe ni Posta, kwa hiyo usafiri ndio unanisumbua kichwa. Rehema anasema Kimara, kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi.

Hamisi: Mimi ndio mwenyeji wa Kimara, nisikilizeni. Huku ni juu, maji yanapita hayakai. Tatizo lako litakuwa Jangwani. Mvua ikipiga usiku kucha, mto unapanda barabarani, polisi wanafunga, na basi halivuki. Unabaki Kariakoo na kiatu mkononi. Ukizunguka Salenda au Tazara, jiji zima liko huko huko. Daraja refu wanalijenga pale, ila kwa masika hii usilipigie hesabu.

Bakari: Kwa hiyo nyumba inaweza kuwa kavu na kazini nisifike?

Hamisi: Ndio hivyo mdogo wangu. Tazama na njia, sio nyumba tu.

Rehema: Shikamooni. Kigamboni je? Rafiki yangu anasema kumetulia.

Hamisi: Rehema wewe? Na pantoni? 😂😂

Asha: Siku ile ya harusi alivuka kafumba macho mpaka ng'ambo 😂

Hamisi: Bi harusi alishika boya kuliko alivyomshika bwana harusi 😂

Rehema: Shemeji jamani. Daraja lipo tangu 2016, nitapita darajani.

Hamisi: Na tozo kila siku, kwenda na kurudi. Piga hesabu hiyo kwanza.

Zuhura: JAMANI. Nyumba. Saa nne hii.

Mjomba Seif: Watoto mnajisumbua. Mabwepande kuna hewa na ardhi iko juu. Nyie mmeng'ang'ania mabondeni.

Zuhura: Mjomba, Mabwepande naomba usiiguse.

Mjomba Seif: Nimekosa nini?

Zuhura: Kiwanja ambacho serikali ilimpa Bibi huko baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kingekuwepo, leo tusingekuwa tunabembeleza dalali.

Mjomba Seif: Kipindi kile kulikuwa pori. Nani kati yenu alikubali kwenda kulala kule? Na hela yake ilikokwenda Bibi anajua.

Zuhura: Bibi anajua alichoambiwa.

Asha: Jamani Bibi yuko hapa. Nilikuwa namsomea.

Asha: Katuma ujumbe wa sauti, lakini upepo umeingia. Naandika kama alivyosema: "La kiwanja liacheni. Siku nikitaka kulisema nitalisema mwenyewe, Seif akiwepo na Zuhura akiwepo. Bakari, baba, bondeni usikae. Pale Mkwajuni babu yenu naye aliambiwa mto uko mbali. Maji yalikuja alfajiri, nikambeba Asha begani, cherehani nikaiacha. Nyumba haitazamwi jua likiwaka. Nenda mvua ikinyesha. Angalia ukuta kama una mstari wa matope, angalia kizingiti wamekipandisha kiasi gani, ukiona kirefu jua wenzako wameshapata tabu. Muulize mama anayeuza vitumbua pale nje, yeye hana cha kukuuzia zaidi ya vitumbua. Mkilipa hapo Kisiwani, mimi mguu wangu sitii."

Hamisi: Tumekusikia Bibi.

Bakari: Shikamoo Bibi. Nimesikia.

Mjomba Seif: Sawa mama.

Zuhura: Sawa Bibi.

Zuhura: Ila dalali nilishampa elfu hamsini ya kushikia nyumba. Nani anamfuata?

Asha: Rehema, njoo mtazame huku kwetu Kinyerezi. Nakwambia ukweli wote: ya juu nzuri, ya chini mto unakula kingo kila mwaka. Kiangazi utaudharau, mtoto anavuka kwa miguu. Lakini unatoka vilima vya Pugu, mvua ikinyesha huko na kwetu jua linawaka, unashtukia umejaa. Sheria inasema mita 60 kutoka ukingoni, na watu wamejenga ndani ya hizo mita.

Rehema: Shule ipo karibu?

Asha: Ipo. Barabara ya mtaa ni udongo, siku ya mvua bajaji hawashuki. Chukua nyumba unayoweza kufika lami kwa miguu.

Bakari: Kutoka hapo mpaka Posta?

Hamisi: Gari mbili. Uamke saa kumi na moja. Ila hupiti Jangwani.

Zuhura: Basi Jumamosi. Hamisi na gari, Kinyerezi kwanza, halafu Kimara. Bakari apande treni kutoka Dodoma Ijumaa jioni. Mvua isiponyesha tutatazama kuta na kuuliza majirani.

Hamisi: Jumamosi gari iko kwa fundi. Labda mchana.

Zuhura: Hamisi, labda ndio nini?

Mjomba Seif: Mimi nitakuja na gari. Mkitaka.

Rehema: Ahsante mjomba.

Salum: Habari za jioni ndugu. Ile ya Kisiwani bado ipo? Kuna jamaa yangu kazini anatafuta.

Asha: Salum, soma juu.

Zuhura: Bakari, Ijumaa unakuja au huji? Nijue nani anakupokea.