Mafundi mnaoacha matoleo wazi, mnatutesa!

Jamani, hili nimelimeza tangu 2023 na leo nalitema: mnajenga mfumo kwa vifurushi, yaani programu ndogo zilizoandikwa na wengine, bila kufunga namba ya toleo la kila kimoja.

Juzi kijana mmoja kaniletea mfumo wa abiria wa boti za Mokowe nimsaidie kuuhamisha seva. Nafungua requirements.txt, faili linaloorodhesha vifurushi vya Python ambavyo mfumo unavitegemea, majina matupu. Flask. Requests. Pandas. Hakuna namba ya toleo hata moja. Nikaifunga kompyuta, maana damu ilinichemka.

Nieleze kwa nini. Oktoba 2023, wiki ya Maulidi. Anayeijua Lamu anajua mfungo sita ukielekea kwisha mji unavyofurika, hupati hata dari ya kulala. Mimi naangalia mfumo wa vyumba wa nyumba moja ya wageni hapa Langoni, uliojengwa na fundi aliyenitangulia. Seva ikafa usiku. Nikasema si neno, nakala ya data ninayo. Nikasimamisha seva mpya, nikapakua vifurushi vyote kwa bando la simu, vikaingia bila lalamiko. Nawasha tu, puu:

ImportError: cannot import name 'url_quote' from 'werkzeug.urls'

Yaani programu inaita kitu kiitwacho url_quote ndani ya kifurushi cha Werkzeug, na hakipo. Kwenye kompyuta yangu programu ile ile inakwenda sawasawa. Hakuna aliyegusa hata herufi. Nilikesha nikitafuta kosa kwenye mistari isiyo na kosa, na huku simu za wageni zinamwingilia mzee mwenye nyumba, naye anaandika kwenye daftari bila kuona nani keshalipia nini. Asubuhi punda wawili wamesimama mlangoni na masanduku, jamaa mbili zinadai chumba kile kile cha juu. Moja imelipia mwezi mzima nyuma, nyingine imeandikwa usiku ule. Mzee akanipigia: "Mwanangu, nimpe nani?" Sikuwa na jibu. Mzee wa watu aliona haya mbele ya wageni wake kwa kosa asilolijua hata jina.

Kosa lenyewe ni hili. Fundi aliandika Flask==2.2.2, yaani toleo hilo tu na si jingine, akaridhika kwamba kafunga. Kafunga mlango, madirisha kayaacha. Flask hiyo, kifurushi cha kujengea tovuti, inaegemea kifurushi kingine, Werkzeug, na sharti lake lilisema tu Werkzeug>=2.2.2. Kuanzia hapo kwenda juu, bila dari. Tarehe 30 Septemba 2023 ikatoka Werkzeug 3.0, na ndani yake url_quote imeondolewa. Kompyuta yangu ilikuwa na ya zamani. Seva mpya ikachukua mpya kabisa, kwa sababu ndivyo ilivyoruhusiwa. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuweka dari: Werkzeug>=2.2.2,<3.0. Mmoja! Usiku mzima wangu na aibu ya mzee vinalingana na herufi hizo chache.

Na msiniambie waliotengeneza Werkzeug ndio wabaya. Namba ya kwanza ikipanda, kutoka 2 kwenda 3, wanakwambia waziwazi kuna vitu vimevunjwa. Toleo la 2.3 lilikuwa limeshaanza kutoa onyo. Wao walipiga mbiu, fundi wetu hakuweka sikio.

Wenzetu wa npm, kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript, nao msijione mko salama. Ile kofia, ^1.4.0, inaruhusu chochote chini ya 2.0.0. Kiwimbi, ~1.4.0, kinaishia chini ya 1.5.0. Ukisakinisha kifurushi npm hukuandikia kofia yenyewe, nawe hujachagua kitu. Januari 2022 mwenye kifurushi cha colors alitia kwa makusudi kitanzi kisichoisha, msimbo unaojirudia bila kukoma, akakitoa kama toleo dogo la 1.4.1. Kofia ikakipokea kama mgeni wa heshima. Namba ni ahadi ya mtu, na mtu hubadilika. Ndiyo maana kuna package-lock.json, faili linaloandika toleo kamili la kila kifurushi kilichosakinishwa, na ndiyo maana kwenye seva mnatakiwa mtumie npm ci, inayofuata faili hilo neno kwa neno. Mtu anaifuta eti "inaleta fujo kwenye git", ghala la kutunzia msimbo! Huyo simwelewi kabisa.

Kuna wanaoruka upande wa pili: wanaandika kifurushi cha kutumiwa na wengine, halafu wanabana kila kitu kwa ==. Nacho ni balaa. Vifurushi viwili vikidai matoleo mawili tofauti ya kitu kimoja, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inagoma, na anayeumia ni mtumiaji. Mwenye kifurushi aache nafasi. Mwenye mfumo wa mwisho, unaoshika pesa na vyumba vya watu, afunge kila kitu hadi cha chini kabisa: atumie pip freeze, inayoorodhesha matoleo yaliyopo kwenye mazingira yanayofanya kazi, au pip-compile, inayoandika orodha kamili yenye namba, faili liingie git. Kisha apange siku ya kusasisha, ajaribu akiwa macho, si siku seva imekufa na mji umejaa.

Kijana wa Mokowe nimemrudishia mfumo wake. Nimemwambia sitauhamisha mpaka alete matoleo yanayokwenda sasa hivi kwenye ile seva ya zamani, kabla haijazimwa. Amenuna. Na anune.

Nyie wa Lamu na Malindi mliojengewa mifumo na hamjui ndani mna nini, leteni mafaili hayo ya orodha za vifurushi hapa chini, mkitoa kwanza manenosiri. Tutayapitia mstari kwa mstari kabla ya msimu wa wageni.