Ngano zimenirudisha kwenye teolojia: je, ni imani au ni mapenzi ya hadithi tu?

Msomaji wa Pembeni
Ndugu zangu, niliacha kusoma teolojia kwa sababu ilinichosha, wala si kwamba nilipata hoja ya kuishinda. Nikahamia kwenye ngano, kwanza zile za ndugu wawili Grimm, ambazo juzuu lake la kwanza lilitoka mwaka 1812, kisha za mataifa mengine. Nilipozidi kuzisoma nikaanza kukutana na mambo niliyodhani nimeyapa kisogo: kitinda mimba anayedharauliwa ndiye anayeurithi ufalme, kama Daudi aliyekuwa machungani Samweli alipokuja kutafuta mfalme; na sharti moja dogo, "usiufungue mlango huu", likivunjwa tu, balaa linaingia. Sasa nasoma tena kwa hamu habari za Anguko la Adamu na Hawa na za ukombozi. Kinachonisumbua ni kwamba nimevutwa na umbo la hadithi. Je, nimemrudia Kristo, au nimepata ngano nyingine inayonipendeza kuliko zile? Waraka wa Pili wa Petro 1:16 unakana waziwazi kwamba mitume walifuata hadithi zilizotungwa kwa werevu.

Mzee wa Maktaba
Ndugu Msomaji, wapo waliokutangulia katika njia hiyo. Usiku mmoja wa Septemba 1931, mjini Oxford, mwandishi C. S. Lewis alizungumza na rafiki zake Wakristo, J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson, juu ya jambo hili hili. Wakati huo Lewis alikwisha kuamini kwamba Mungu yuko, ila hakuona jinsi kifo cha mtu wa kale kinavyoweza kumfaa yeye. Wenzake walimwonyesha kwamba, akisoma visasili vya mungu anayekufa na kufufuka, aliguswa bila kudai maelezo yoyote, lakini habari hiyo ikimjia katika Injili aliikunjia uso. Siku chache baadaye alimwamini Kristo. Tofauti ninayoiona mimi ni ya tarehe: ngano hutokea hapo zamani za kale, pasipo mwaka wala mahali, ilhali kanuni ya imani inamtaja Pontio Pilato, liwali wa Kirumi aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36.

Binti Sayuni
Nakubaliana na Mzee kwa shingo upande, kwa maana tarehe huthibitisha tukio lakini haikuambii moyo wako umependa nini. Ningekupima kwa njia nyingine. Ngano hupenda haki iliyonyooka, tena mara nyingi ya kikatili: katika Sinderela ya Grimm, njiwa huwatoboa macho ndugu wa kambo, na msomaji anatarajiwa kuridhika. Sasa soma mfano wa mwana mpotevu katika Luka 15. Kwa desturi ya ngano, kaka mkubwa mwenye kinyongo angeaibishwa mbele ya wageni. Badala yake baba anatoka nje kumsihi yeye pia, na Yesu anakatiza kisa bila kutuambia kama aliingia ndani. Je, unaipenda Injili hata pale inapolivunja umbo ulilolizoea?

Mwanafunzi wa Agano la Kale
Niongeze dogo tu. Maandiko yenyewe hayaogopi hadithi za kubuni. Yothamu alisimulia hurafa ya miti iliyotafuta mfalme (Waamuzi 9), na nabii Nathani alimnasa Daudi kwa kisa cha mwanakondoo wa maskini.

Msomaji wa Pembeni
Nawashukuru nyote. Dada Binti Sayuni, kaka mkubwa amekuwa akinikera tangu zamani, na nadhani nilitamani aadhibiwe. Kwa kipimo chako, naona nianze na kitabu cha Ayubu: mwanzo na mwisho wake vina umbo la ngano kabisa, hata mali inarudishwa maradufu, ilhali mashairi ya katikati yanawakanusha marafiki wanaodai kwamba kila anayeteseka amestahili. Kama kuna aliyesoma ufafanuzi mzuri wa maneno ya Mungu kutoka katika upepo wa kisulisuli, sura ya 38 hadi 41, naomba anielekeze.